Maswali Yenu: Barua za Mozart, Sahihi za Watunzi na Karatasi za Babu Kwenye Katoni

Tangu tuguse hapa habari ya watu wanaokusanya barua, sahihi na hati za mkono za watunzi wa muziki wa klasiki, maswali yamekuja mengi sana, na mengi yametoka kwa watu walio na haja ya kweli, wanafundisha muziki, wameimba kwaya miaka, wana kitu tayari nyumbani ama wanatafuta cha kwanza. Nimechagua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

*Mwalimu habari ya kazi. Mi nafundisha piano huku Buruburu. Kuna mtu mtandaoni anauza barua ya Mozart, iko kwa fremu safi pamoja na bahasha yake na cheti cha uhalisi chenye muhuri wa dhahabu. Anataka elfu arobaini na anasema kuna mteja Dubai anaingojea kwa hivyo niharakishe. Nitume pesa? – Msomaji, Buruburu*

Usitume. Hata ile ya "kushikilia mali" usitume.

Tuanze na bei kwa sababu ndiyo rahisi. Mozart alikufa tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na miaka 35, na barua zake nyingi zilizobaki ziko kwenye maktaba na kwenye taasisi ya Mozarteum kule Salzburg. Ikitokea moja ikafika mnadani inakuwa habari, na bei yake inaongelewa kwa makumi na mamia ya maelfu ya dola. Elfu arobaini ya Kenya haingii hapo popote.

Alafu hiyo bahasha. Wakati wa Mozart kawaida ilikuwa barua inakunjwa yenyewe, inafungwa kwa lakiri, na anwani inaandikwa upande wa nje wa karatasi ileile, bahasha kama hizi zetu zilienea baadaye sana kwenye karne ya 19. Kwa hivyo kile muuzaji alichoweka kukuvutia ndicho kinamuumbua. Karatasi nayo ina ushahidi wake: ya zamani zile ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, ukiishika dhidi ya mwanga unaona mistari iliyoachwa na kiunzi cha kutengenezea na mara nyingi alama ya maji, yaani alama hafifu ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi, wakati karatasi ya rojo la mbao haikuwepo mpaka katikati ya karne ya 19. Waliandika kwa unyoya, nibu za chuma za kiwandani zikaja kushika soko baada ya miaka ya 1820. Wino ulikuwa wa chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, unaanza ukiwa mweusi halafu miaka ikienda unageuka kahawia. Chukua lenzi ya kukuzia, hata ile ya fundi wa saa, ukiona maandishi yamejengwa kwa vidoti vidogo vidogo ujue hiyo imechapishwa, ni nakala ya picha tu, hata kama imekwaruzwa na kupakwa chai ionekane nzee.

Na hicho cheti kisikubabaishe, mtu yeyote aliye na kompyuta na printa anatoa cheti. Unachotaka wewe ni historia ya umiliki. Ilikuwa kwa nani, ikauzwa lini, mnada gani, namba gani kwenye katalogi ya mwaka gani. Muuzaji wa kweli hukupa hayo kabla hujamaliza kuuliza, wengine huyaandika wenyewe kwenye maelezo ya bidhaa. Mtu akianza kukukasirikia kwa sababu umeuliza, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nasisitiza hili la historia kwa sababu jicho peke yake halitoshi, hata jicho la bingwa. Requiem ya Mozart, yaani misa yake ya wafu, iliachwa haijaisha, na mwanafunzi wake Süssmayr, ambaye mwandiko wake ulikaribia sana ule wa mwalimu, akaimalizia. Kwenye nakala aliyopewa mteja aliyeiagiza kuna sahihi ya Mozart na mwaka 792, maana yake 1792, na Mozart wakati huo yuko kaburini tayari. Bach naye, mke wake Anna Magdalena alikuwa ananakili muziki wa nyumba ile na mwandiko wake ukaja kufanana na wa mume kiasi kwamba kuna kurasa zake ambazo kwa miaka watu walizihesabu kuwa za Bach mwenyewe. Halafu kuna kisa cha Desemba 1993, ilitangazwa dunia nzima kwamba sonata 6 za piano za Haydn zilizopotea zimepatikana Ujerumani, na H. C. Robbins Landon, mtu aliyemjua Haydn kuliko karibu wote waliokuwa hai, akakubali, mpiga piano Paul Badura-Skoda akakubali, kumbe zilitungwa na Winfried Michel, mtu wa zama zetu kabisa. Na hao mabingwa walikuwa wameonyeshwa nini? Fotokopi. Karatasi yenyewe hakuna aliyeishika. Sasa wewe unataka kulipia picha ya simu?

*Mwalimu, marehemu baba alisoma London miaka ya sitini, akarudi na programu ya konsati iliyosainiwa na mtunzi Mwingereza Benjamin Britten. Iko kwa fremu sebuleni karibu na dirisha. Fundi ameniambia tuifanyie laminesheni isiharibike. – Mama wa watoto watatu, South C*

Mama, pole kwa baba, na tafadhali usimruhusu huyo fundi. Laminesheni ni joto na gundi ya plastiki inayoingia ndani ya karatasi na haitoki tena, tumezoea kuifanyia vyeti vya shule kwa hivyo tunaona ni kuhifadhi, lakini kwa karatasi ya namna hii ni kuiua. Selotepu vilevile, baada ya miaka michache inakuwa ya manjano na doa lake haliondoki.

Itoe dirishani leo. Jua la Nairobi linakula wino, hasa wa kalamu za kisasa, na sahihi inafifia polepole hivi hata wa nyumbani hamtambui mpaka iwe imekuwa kivuli. Piga skani nzuri, weka hiyo skani kwenye fremu ya sebuleni, wageni wataona kilekile. Ya asili iweke kwenye mfuko wa poliesta, ndani ya folda isiyo na asidi, ilale tambarare ndani ya boksi, kwenye kabati la chumba cha ndani, isiwe sakafuni kwa sababu ya mchwa wala isiguse ukuta wa bafu au jikoni. Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, fungua uangalie kama kuna unyevu. Glavu huhitaji, mikono safi iliyokauka inatosha na inashika vizuri zaidi.

Kuna jambo lingine naomba ulifanye kabla hujasahau. Tafuta barua za baba za wakati ule, tiketi, picha, pasipoti yenye mihuri, chochote kinachoonyesha alikuwa London mwaka huo, uviweke pamoja na programu. Britten alisaini vitu vingi maishani mwake, lakini sahihi ambayo familia inaweza kuonyesha ilikotoka ina uzito ambao ile ya kuokota haina.

*Sasa mwalimu, nacheza violini, nimesave elfu thelathini na tano. Najua siwezi Beethoven. Kuna chochote naweza kuanza nacho ama niachane na hii ndoto? – Kijana, Kayole*

Usiachane nayo kijana wangu. Sahau Bach, Mozart, Beethoven na Chopin, hao ni wa maktaba na matajiri, Bach hata barua zake zilizobaki duniani ni chache sana. Angalia waliokuwa wanaandika barua kila siku kama sisi tunavyotuma meseji. Wafaransa hasa: Massenet, Gounod, Saint-Saëns. Barua zao fupi bado zinapatikana kwa mamia ya dola, si maelfu, na bajeti yako ukivumilia inaweza kufika moja.

Kwenye katalogi utakutana na herufi. ALS ni barua ambayo mtunzi ameiandika yote kwa mkono wake na kusaini. LS ni barua iliyoandikwa na karani, yeye ametia sahihi tu. Tofauti ya bei ni kubwa na usiilipie ya pili kwa bei ya kwanza. AMQS ni kile kikaratasi ambacho mtunzi alimwandikia shabiki mistari michache ya nota za wimbo wake na kusaini chini, vinapendwa sana na kwa hivyo vina bei. Halafu soma barua inasema nini. "Asante kwa mwaliko wa chakula cha jioni Alhamisi" ni bei ya chini, anayelalamika kwamba mwimbaji ameharibu opera yake ni bei nyingine kabisa, na mi binafsi ningengoja mwaka mzima nipate ya pili kuliko kununua tatu za chakula cha jioni.

Sahihi zilizokatwa utaziona ni rahisi. Zamani kulikuwa na mtindo wa watu kuchukua barua nzima, kukata pale chini penye jina, kubandika kwenye albamu na kutupa iliyobaki. Inauma kuwaza ni barua ngapi ziliishia hivyo. Sikukatazi kununua kama ndiyo pesa iliyopo, lakini wewe usiwahi kukata chochote, kamwe.

Kwa vile unatoka upande huu wa dunia, nikwambie kuna njia ambayo inaweza kukugusa zaidi. Saint-Saëns alipenda Afrika kaskazini, ana kazi ya piano na okestra ya 1891 inayoitwa Africa, konseto yake ya 5 aliiandika Luxor, na alifia Algiers mwaka 1921. Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi aliyezaliwa London 1875 na baba mtu wa Sierra Leone, alikuwa jina kubwa Uingereza na Marekani, alikufa 1912 akiwa na miaka 37 tu, na opera yake Thelma watu waliamini imepotea hadi ikagunduliwa imekaa ndani ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Na wewe wa violini lazima umjue George Bridgetower. Sonata ile ngumu ya Beethoven, Opus 47, Beethoven aliiandikia yeye, mpiga violini mwenye asili ya Kiafrika, wakaicheza pamoja Vienna mwezi Mei 1803, na kwenye hati ya mkono Beethoven aliandika kwa utani kwamba ni sonata ya huyo chotara. Baadaye wakakosana na kazi ikatolewa kwa jina la mpiga violini mwingine, Kreutzer, ambaye hakuwahi kuicheza. Uma wa kutunia sauti ambao Beethoven alimpa Bridgetower bado upo, uko British Library. Jina la Bridgetower lingeweza kupotea kwenye kazi hiyo kama karatasi ile ingetupwa na tukabaki na ile iliyochapishwa peke yake.

Mambo ya pesa haraka haraka. Kwenye mnada bei unayosikia nyundo ikigonga si bei utakayolipa, nyumba kubwa zinaongeza ada ya mnunuzi ambayo inaweza kufika robo ya bei hiyo na zaidi, halafu kuna kusafirisha, bima, na forodha hapa nyumbani, kwa hivyo ongea na wakala wa forodha kabla hujainua mkono. Uingereza hati ya mkono yenye zaidi ya miaka 50 huwa inahitaji kibali cha kuitoa nchini humo, muuzaji ndiye ashughulikie na uone hicho kibali. Kwa barua za watunzi tazama pia wauzaji wa zamani wa Ujerumani kama Stargardt, nyumba iliyoanza 1830, katalogi zake peke yake ni shule.

Na kabla ya kutoa senti, zoesha jicho bure. Jumba la makumbusho la Beethoven-Haus la Bonn, tovuti ya Bach Digital, maktaba ya Morgan Library na chuo cha muziki cha Juilliard, zote mbili za New York, wameweka maelfu ya kurasa mtandaoni, unakuza mpaka unaona unyoya ulipokwama. Kaa nazo mwezi mzima usiku ukimaliza mazoezi.

*Kijana wangu, mimi ni mzee wa Umoja, nimestaafu. Muziki wenyewe unapatikana bure kwa simu. Mbona mtu alipe mamilioni kwa karatasi iliyochafuka? – Mzee, Umoja*

Shikamoo mzee wangu. Swali zuri na sidhani nitakuridhisha lote, ila nijaribu.

Kule Pennsylvania, Marekani, mwaka 2005, mkutubi wa chuo kimoja cha thiolojia alikuwa anasafisha kabati akakuta hati ya mkono ya Beethoven, kurasa 80, ile Grosse Fuge, kazi yake ya vyombo vinne vya nyuzi, aliyoipanga upya kwa watu wawili kwenye piano moja. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mnada wa Berlin mwaka 1890. Ukiangalia kurasa zile unaona amefuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka, ameandika namba za vidole vya kucheza, amebandika kipande juu ya kosa. Huyo ni mtu kiziwi, amebakiza muda mfupi wa kuishi, anagombana na sauti anazozisikia kichwani tu. Ile ya kwenye simu yako imeshapigwa pasi mzee, hapa unaona jasho lenyewe. Iliuzwa London Desemba mwaka huo kwa zaidi ya pauni milioni 1, na aliyenunua akaitoa pamoja na nyingine nyingi kwa Juilliard, ndiyo maana leo naweza kumwambia kijana wa Kayole akaitazame bure.

Simfoni ya 2 ya mtunzi Mahler, yote kwa mkono wake, iliuzwa kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's, London, Novemba 2016 kwa pauni milioni 4.5, ikavunja rekodi ya minada ya hati za muziki. Ilikuwa ya Gilbert Kaplan, mfanyabiashara Mmarekani aliyependa kazi hiyo moja mpaka akajifunza kuongoza okestra ili aiongoze. Na mwimbaji Pauline Viardot alinunua hati ya mkono ya Don Giovanni, opera ya Mozart, mwaka 1855, akaiweka nyumbani, watunzi wakawa wanakuja kuiona, Tchaikovsky alikuwa mmoja wao, halafu 1892 akaitoa kwa Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris. Hao ndio wakusanyaji ninaowaheshimu.

Wako wengine. Kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, 1958, ile hati ya Requiem ilikuwa imewekwa watu waione, mtu akararua pembe ya ukurasa ambapo Mozart alikuwa ameandika maneno machache, pengine kati ya maneno ya mwisho kabisa ya mkono wake. Hakushikwa na pembe haijaonekana mpaka leo. Kila nikiifikiria nakasirika. Alikuwa na nini cha kufanya na kipande ambacho hawezi kumwonyesha mtu?

*Mwalimu, babu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa miaka mingi. Ameacha katoni mbili za nyimbo za solfa alizoandika kwa mkono, zingine ametunga mwenyewe. Mjomba anasema ni takataka, anataka kuchoma tupate nafasi. Zina thamani? – Msomaji, Jericho*

Mwambie mjomba angoje. Mpigie hata leo.

Pesa huenda hazina, nikikudanganya nitakukosea. Lakini fikiria Beethoven: alikufa Machi 1827, na Novemba mwaka huohuo karatasi zake zikapigwa mnada Vienna, madaftari yake ya rasimu yakatawanyika, watu wakayafungua na kugawa ukurasa huku ukurasa kule kama kumbukumbu, na wasomi wakatumia vizazi kuunganisha tena ni ukurasa gani ulifuatia upi. Hiyo ni kwa mtu ambaye kila mtu alijua ni mkubwa. Sisi wetu tunawachoma tukiwa bado hatujajua ni wakubwa au la.

Wimbo wetu wa taifa uliandaliwa 1963 na watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, kutoka kwa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Mtu akitaka kujua kizazi kile kilifikiria vipi sauti nne kwa maneno ya Kiafrika, muziki unavyofuata lafudhi, nani alimfundisha nani, atajifunzia wapi? Katoni kama hizo zenu. Kwaya za Nairobi zilijengwa na watu kama babu yako na maandishi yao mengi hayako maktaba yoyote.

Fanya hivi. Usipange upya, mpangilio aliouacha babu unaeleza kitu. Usitoe pini zilizoshika kutu kwa nguvu, ziache kwanza. Piga picha kila ukurasa mbele na nyuma, hata wenye orodha ya waimbaji au hesabu ya nauli. Kaa na waliomwimbia ambao bado wako hai, uwaulize wimbo huu uliimbwa lini, kanisa gani, nani alikuwa soprano, uandike kwa penseli kwenye karatasi tofauti. Halafu nenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue ukaulize utaratibu wa familia kukabidhi nyaraka. Ukiwa hapo tazama mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, yeye na mkewe Sheila walikusanya vitabu, stempu, vinyago na vitambaa vya Afrika maisha yao yote, na leo viko pale mtu wa kawaida anavitazama.

Na kama kuna kazi ya babu unayodhani bado inaimbika, tuandikie tena. Mi mwenyewe ningependa kuisikia.

*Swali fupi: nikinunua barua ya mtunzi, naweza kuichapa kitabuni? – Msomaji, Kilimani*

Karatasi ni yako, maneno si lazima yawe yako. Kwa sheria ya Kenya haki za mwandishi zinadumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa, kwa hivyo Saint-Saëns wa 1921 hapa hana tatizo. Uingereza ni miaka 70, na angalia sana hili: barua za kale ambazo hazijawahi kuchapishwa popote, hata kama mwandishi alikufa karne mbili zilizopita, kule zinaweza kuwa bado zinalindwa hadi mwisho wa 2039. Kama kitabu chako kitauzwa London, omba ruhusa kwa warithi au kwa taasisi inayosimamia haki zake kabla ya kwenda kwa mchapishaji.